Penseli ya James Augustus Grant: Maisha ya Mchoraji wa Nchi ya Maji, 1827–1892

1. Utangulizi

Mtu asimamaye kwenye magofu ya Kaole, yapata kilomita 5 kusini ya mji wa Bagamoyo, hukabiliwa na mambo mawili ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayapatani. Upande mmoja yapo mabaki ya misikiti miwili pamoja na makaburi, baadhi yake ya nguzo, ambayo ni ushahidi wa mji uliokuwa na bandari na uliofanya biashara na watu wa ng'ambo. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa na Neville Chittick mwaka 1958 uliuthibitisha ukale wake. Upande wa pili bandari yenyewe haionekani. Mahali ambapo vyombo vilitia nanga pamejaa mikoko na tope, na maji ya bahari hayafiki ila kwa kupenya baina ya mizizi. Si nchi kavu, wala si bahari.

Mandhari ya namna hii ni mtihani kwa mchoraji atumiaye penseli. Penseli ni chombo cha mstari, ilhali kinamasi hakina mstari: ukingo wa maji hubadilika kwa kupwa na kujaa, mizizi huchanganyika na vivuli vyake yenyewe, na vitu vya mbali huungana na vya karibu katika weusi mmoja uliofifia. Mchoraji wa rangi aweza kuuficha udhaifu wake ndani ya kijani. Mchoraji wa penseli hana pa kujificha. Miongoni mwa watu waliojaribu kuichora kihalisia nchi ya maji ya Afrika Mashariki katika karne ya 19, jina linalostahili kutajwa kwanza ni la mtu ambaye wanahistoria wamezoea kumtaja wa pili.

James Augustus Grant alikuwa mwenzake John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile kati ya 1860 na 1863. Speke alikuwa ameijua pwani hii tangu Juni 1857, wakati yeye na Richard Burton walipoianzia safari yao ya bara papo hapo Kaole, penye kikosi cha askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Unguja. Grant alikuja miaka mitatu baadaye, na msafara wake ukaondokea Bagamoyo. Katika vitabu vingi yeye ni kivuli cha Speke: mtu mpole, mtiifu, mgonjwa, ambaye hakuwapo siku yenyewe ya ugunduzi. Hukumu hiyo haina haki. Imetokana na kumpima kwa ramani, ambayo haikuwa kazi yake, badala ya kumpima kwa penseli na kwa majina ya mimea, ambayo ndiyo kazi aliyoifanya kwa makini kuliko msafiri yeyote wa zama zake katika njia hiyo.

2. Askari mwenye daftari

Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 huko Nairn, mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Scotland, kwenye ghuba ya Moray. Baba yake alikuwa mchungaji wa parokia ya mji huo. Baada ya masomo yake ya awali alisoma katika chuo cha Marischal, Aberdeen, na mwaka 1846 akaingia katika jeshi la Bengal, India. Huko alipigana katika vita vya Wasikh, akashuhudia kuzingirwa kwa Multan na vita vya Gujrat vya mwaka 1849. Katika uasi mkubwa wa 1857 alikuwa miongoni mwa waliotumwa kuiokoa Lucknow, na hapo akajeruhiwa mkono wa kulia. Jambo hili la mwisho hutajwa kwa haraka katika wasifu wake, kana kwamba ni nishani tu. Lakini mtu aliyekuja kushika penseli kila jioni kwa muda wa miaka miwili na nusu, katika jua, mvua na homa, alikuwa mtu ambaye vita vilimwachia mkono wenye kovu.

Uchoraji haukuwa anasa kwa ofisa wa zama hizo. Kabla kamera haijawa chombo chepesi cha kubebeka, jeshi liliitegemea michoro ya mkono kwa kuonyesha umbo la bonde, kina cha kivuko, au mahali ambapo mizinga ingezama katika tope. Hivyo basi uhalisia wa Grant una asili ya kiaskari kuliko ya kisanii: alijifunza kutazama ardhi kwa kuuliza kama inapitika. Swali hilo, likiulizwa penye kinamasi, huzaa mchoro wa aina yake. Mchoraji wa namna hiyo hatafuti uzuri wa maji. Anatafuta mahali pa kukanyaga.

Ni India pia alikojuana na Speke, na urafiki wao ulijengwa juu ya uwindaji. Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilipompa Speke dhamana ya safari ya pili, Grant alijitolea kufuatana naye. Waliondoka Portsmouth mwishoni mwa Aprili 1860, wakazunguka kwa njia ya Rasi ya Tumaini Jema, na wakafika Unguja mwezi wa Agosti. Balozi wa Uingereza wakati huo, Christopher Rigby, aliwasaidia kukusanya watu na bidhaa. Mwanzoni mwa Oktoba 1860 msafara uliondoka Bagamoyo ukielekea kusini-magharibi, ukilifuata bonde la mto Kingani, ambao leo huitwa zaidi Ruvu, na kuingia Uzaramo.

Mwezi huo una maana. Oktoba ni mwisho wa kiangazi, kabla vuli haijakolea, na mabonde ambayo wakati wa masika hugeuka maziwa huwa yamekauka na kupasuka. Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871, aliukuta uwanda wa Makata umefurika, akavuka kwa taabu kubwa sana, na kinamasi cha Makata kikapata sifa mbaya huko Ulaya kutokana na kitabu chake. Grant, aliyetangulia kwa miaka kumi, alipita sehemu hizo hizo katika majira ya ukame. Wasomaji wa Ulaya waliosoma vitabu vyote viwili walikuwa na haki ya kudhani kwamba mmoja wao anasema uongo. Hapana aliyesema uongo. Kilichotofautiana ni mwezi. Ardhi oevu haina sura moja ya kudumu, na mchoro wake usio na tarehe ni nusu ya ushahidi.

3. Kamera iliyorudishwa

Grant hakukusudia kuwa mchoraji wa msafara. Alikuja na kamera. Huko Unguja alipiga picha zilizo miongoni mwa picha za mwanzo kabisa zijulikanazo za kisiwa hicho, zikiwamo za soko la watumwa. Lakini ufundi wa picha wa mwaka 1860 ulihitaji bamba la kioo lipakwe dawa, lipigwe picha na kusafishwa kabla dawa haijakauka, na kutia dawa na kusafisha kufanywe ndani ya giza. Porini giza hilo lilipatikana ndani ya hema dogo lililofungwa kila upande. Speke alipoona jinsi mwenzake alivyokuwa akitoka humo ameloa jasho na kuishiwa nguvu, aliona kwamba joto la hema lingemwua, akaamua kamera irudishwe pwani. Tangu hapo picha zote zilikuwa za mkono, kwa penseli na rangi za maji.

Uamuzi huo ulichukuliwa kwa sababu za afya, wala hapana ushahidi kwamba yeyote kati yao aliuona kuwa jambo la kitaaluma. Hata hivyo athari yake ni kubwa. Kamera ya wakati ule haikuweza kushika kitu kinachotikisika. Matete yanayopeperushwa na upepo, maji yanayokwenda, ndege anayeruka, vyote vingetoka kama ukungu. Mtu wa kamera angelazimika kukaa kimya mbele ya nchi kavu na kuwaamuru watu wasisogee. Mtu wa penseli aliweza kukaa juu ya mzigo ukingoni mwa maji wakati wapagazi wanavuka, akachora kivuko chenyewe kikiwa kivuko.

Haifai hata hivyo kumpamba Grant kwa sifa ambazo hakuwa nazo. Hakuwa msanii mkubwa kwa kipimo cha Ulaya ya zama zake. Faida yake ni subira. Pale ambapo Burton, mtazamaji mkali kuliko yeye, alikuwa mwepesi wa kuhukumu na kudhihaki, Grant alikuwa mwepesi wa kuketi na kuangalia jinsi nyumba inavyoezekwa, jinsi pombe inavyotengenezwa, jinsi mtumbwi unavyosukumwa kwa upondo. Kitabu chake cha mwaka 1864 kiitwacho A Walk Across Africa kina jina la ziada linaloeleza kwamba ni mandhari za nyumbani kutoka katika shajara yake ya Nile, na jina hilo linamfaa. Si kwamba alikuwa huru na dharau za Waingereza wa wakati wake, zimo. Lakini macho yake mara nyingi yalikuwa waadilifu kuliko maneno yake.

4. Karagwe: mguu, ziwa na nzohe

Msafara ulifika Kaze, penye Tabora ya leo, mnamo Januari 1861, ukakwama kwa miezi mingi kwa sababu ya vita baina ya wafanyabiashara Waarabu na mtemi Mnywa Sere, na kwa uhaba wa wapagazi. Grant aliugua homa mara kwa mara. Septemba mwaka huo sehemu ya msafara aliyokuwa akiiongoza ilishambuliwa na kuporwa na watu wa mtemi Myonga. Mwishoni mwa Novemba 1861 wasafiri hao wawili walifika Bweranyange, makao ya mfalme Rumanyika wa Karagwe, jina ambalo waliliandika kwa namna ya Weranhanjé. Wenzo huo wa tahajia utarejewa hapa chini, kwa kuwa si jambo dogo.

Huko Karagwe ndiko maisha ya Grant kama mchoraji yalikopata sura yake, na sababu yake ni ya kusikitisha. Mwezi Desemba mguu wake wa kulia ulianza kuuma juu ya goti, ukavimba, ukatumbuka kidonda kisichopona. Aliteseka vibaya, akashindwa kutembea. Wenyeji walimjaribia dawa zao, naye akaziandika zote kwa utulivu wa mtu anayeandika habari za mtu mwingine. Madaktari wa karne ya 20 waliosoma maelezo yake waliona kwamba yanafanana sana na ugonjwa ambao sasa hujulikana kwa jina la Buruli, sehemu ya Uganda iliyo karibu na mto Nile, ambako wagonjwa wengi walichunguzwa baadaye. Bakteria wa ugonjwa huo huhusishwa na sehemu zenye maji yaliyotuama au yaendayo polepole. Ikiwa rai hiyo ni sahihi, basi mchoraji wa vinamasi alilemazwa na kinamasi.

Speke alitangulia kwenda Buganda mwezi Januari 1862. Grant alibaki Bweranyange chini ya ulinzi wa Rumanyika mpaka Aprili, zaidi ya miezi mitatu, mara nyingi asiweze kutoka nje ya boma. Kwa mtafiti wa ramani hiyo ilikuwa hasara tupu. Kwa mchoraji, kukaa mahali pamoja kwa miezi mitatu ni bahati ambayo wasafiri wa karne ile hawakuipata. Msafiri anayekwenda maili kumi kwa siku huchora kila kitu mara moja. Aliyelemaa huchora kitu kimoja mara nyingi, katika mwanga wa asubuhi na wa jioni, kabla ya mvua na baada yake. Aliwachora watu waliomtembelea, nyumba, ala za muziki, na mimea aliyoletewa, kwa kuwa sasa mimea ilibidi iletwe kwake.

Chini ya vilima vya Bweranyange kuna ziwa dogo lenye kingo za matete na mafunjo. Grant aliona linafanana na ziwa la Windermere huko Uingereza, akalipa jina la Windermere Ndogo, na Speke akaliandika hivyo katika ramani. Hapa pana ukinzani ambao hauwezi kufichwa. Mtu yule yule aliyehangaika kuuliza jina la kila kichaka kwa lugha ya wenyeji hakusita kulivika ziwa zima jina la kwao. Pengine kumbukumbu ya nyumbani humlemea mgonjwa. Hata hivyo jina hilo halikudumu kwa watu wanaoishi huko, na ramani za baadaye zililiacha.

Katika matete ya ziwa hilo ndimo alimoishi mnyama ambaye Wanyambo walimwita nzoe: swala wa majini, mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame katika tope, na ambaye akifukuzwa hujitosa majini na kuacha pua tu juu. Wasafiri walipata vielelezo vyake huko Karagwe, picha yake ikatiwa katika kitabu, na wanasayansi wa London wakampa jina la kitaalamu la Tragelaphus spekii, kwa heshima ya Speke. Grant naye alikumbukwa mwaka 1872, wakati swala wa mbuga kavu alipopewa jina lake. Ndiye swala granti wa leo. Hivyo mnyama wa kinamasi alichukua jina la mtu wa ramani, na mnyama wa nyika kavu akachukua jina la mtu aliyeugulia kando ya kinamasi. Kiswahili hakikujali heshima hizo. Katika Kiswahili mnyama huyo ni nzohe, na ukilinganisha umbo hilo na lile la nzoe katika maandishi ya wasafiri utaona kwamba tofauti ni sauti moja tu ya koo, ambayo sikio la Kiingereza lingeweza kuipoteza kwa urahisi.

Grant aliondoka Karagwe katikati ya Aprili 1862 akiwa amebebwa kwenye machela, akavushwa mto Kagera, ambao wao waliuita Kitangule, na kupitia nchi iliyokatwakatwa na mabonde ya mafunjo magharibi ya ziwa Viktoria. Alifika kwa Kabaka Mutesa mwishoni mwa Mei. Mwezi Julai, walipokuwa wakielekea kaskazini, Speke aliamua kwamba Grant aende moja kwa moja kwa Kamurasi wa Bunyoro, naye mwenyewe aende upesi mashariki kuutafuta mto. Tarehe 28 Julai 1862 Speke alisimama mahali ambapo Nile hutoka ziwani, penye maporomoko aliyoyaita Ripon. Mchoraji bora wa msafara hakuwapo. Wachambuzi wengi wameliona jambo hilo kuwa ubinafsi wa Speke. Grant mwenyewe daima alieleza kwamba mguu wake haukuweza mwendo ule wa kasi, na hakuruhusu rafiki yake alaumiwe kwa ajili yake. Inawezekana alisema kweli, na inawezekana pia alikuwa akimlinda marehemu. Hasara kwa historia ya uchoraji ni ile ile. Maporomoko yenyewe yalizama baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954, na kwa hiyo hayawezi tena kuchorwa na yeyote.

5. Ubao wa chapa

Wasafiri walifika Gondokoro Februari 1863, wakarudi Uingereza mwezi Juni, na kabla mwaka haujaisha kitabu cha Speke kilikuwa kimechapishwa na Blackwood. Ukurasa wake wa jina unakiri kwamba picha nyingi zimetokana na michoro ya Grant. Neno la kuangaliwa hapo ni kutokana.

Mchoro wa penseli haukuweza kuchapishwa jinsi ulivyo. Ulipaswa kuchorwa upya juu ya ubao mgumu na msanii wa kiwandani, kisha mchonga chapa akauchonga ule ubao akiacha mistari tu iliyoinuka ili ishike wino. Kwa picha za kitabu hicho kazi ya kuchora upya ilimwangukia zaidi Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyekuwa akiishi London, bingwa wa kuchora wanyama, ambaye hakuwa amefika Afrika Mashariki. Zwecker alijua soko lake. Msomaji wa London alitaka tukio, na tukio lina watu mbele, wanyama katikati na mandhari nyuma kama pazia la jukwaa. Kile ambacho kwa Grant kilikuwa kiini cha ukurasa, yaani maji na majani, kikasukumwa nyuma.

Sababu nyingine ilikuwa ya kifundi tu. Penseli huonyesha kinamasi kwa vivuli vilivyopakwa kwa ubavu wa risasi, hafifu kisha vizito, pasipo mpaka. Ubao hauna kivuli cha namna hiyo. Una mstari au hauna. Ili kuonyesha maji mchonga chapa huweka mistari iliyolala, na ili kuonyesha matete huweka iliyosimama, na mahali inapokutana pana ukingo mkali usiokuwapo katika nchi yenyewe. Hivyo kinamasi kikageuka ziwa lenye pwani. Msomaji wa Ulaya alipewa nchi ambayo maji yamekaa mahali pake na ardhi mahali pake. Si kosa la Zwecker peke yake; chombo chake kilimlazimisha. Lakini mtafiti anayeitumia picha ya kitabu kama ushahidi wa hali ya kingo za maziwa mwaka 1862 atakuwa anaishuhudia London, siyo Karagwe. Michoro ya asili na karatasi za Grant zimo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh, na ndiko pa kuanzia.

6. Orodha ya majina

Speke alikufa kwa bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton mjini Bath. Mwaka huo huo Grant alitunukiwa nishani ya dhahabu na Shirika la Kifalme la Jiografia. Alioa mwaka 1865, akatumika katika vita vya Uingereza dhidi ya Mfalme Tewodros wa Ethiopia mwaka 1868, na baada ya hapo akastaafu jeshi akiwa na cheo cha luteni kanali. Miaka iliyofuata aliitumia kwa kazi ambayo wasifu wake mwingi huipita kwa sentensi moja.

Mimea aliyoikausha njia nzima ilipelekwa katika bustani ya Kew, ambako Daniel Oliver na wenzake waliibainisha. Matokeo yalichapishwa kati ya 1872 na 1875 katika juzuu ya 29 ya jarida la Shirika la Linnaeus la London, pamoja na michoro zaidi ya 100. Grant aliandika dibaji na maelezo, na akaongeza kitu ambacho hakikuwa cha lazima kwa wataalamu wa mimea: orodha ya alfabeti ya majina ya wenyeji. Kwa mwanaisimu hapo ndipo penye hazina. Orodha hiyo ilitoka baada ya kitabu cha mafunzo cha Edward Steere cha mwaka 1870 na kabla ya kamusi ya Ludwig Krapf ya 1882, na chimbuko lake halikuwa dawati la misheni bali njia ya msafara.

Yafaa kuuliza majina hayo yalipitaje mpaka kufika kwenye karatasi. Lugha ya kufahamiana baina ya Waingereza hao na Sidi Mubarak Bombay, aliyezaliwa Uyao, akauzwa utumwani na kuishi India, ilikuwa Kihindustani. Bombay na wenzake waliwauliza wenyeji kwa Kiswahili au kwa mkalimani mwingine. Jina la mmea mmoja liliweza kutoka kwa mwanamke wa Kinyambo, likapita katika kinywa cha mpagazi wa Kinyamwezi, likafika kwa mtu wa Unguja, likasemwa kwa Grant, naye akaliandika kwa tahajia ya Kiingereza, kama alivyoiandika Bweranyange. Kila hatua ilimomonyoa kitu. Viambishi vilihatarishwa zaidi ya mashina. Kitabu cha Speke kinaeleza mwanzoni kazi ya viambishi vya nchi, mtu, watu na lugha, kwa hiyo wasafiri hao waliujua mfumo kwa kadiri fulani. Lakini orodha inayopangwa kwa alfabeti huirundika miti ya Kibantu chini ya herufi M, na kumfanya msomaji wa Kew adhani M ni sehemu ya jina. Kasoro nyingine ni kubwa zaidi: chini ya kila jina pana sifa za mmea, na mara nyingi matumizi yake, lakini aliyelitaja hatajwi.

Pamoja na kasoro hizo, Grant alielewa jambo ambalo ubao wa chapa ulilisahau, nalo ni kwamba jina humfundisha mchoraji kutazama. Kaole ni mfano wa kutosha. Kwa Kiingereza miti yote ya tope la bahari hubebwa na neno moja, na mchoraji mwenye neno moja huchora ukuta mmoja wa majani. Wenyeji wa pwani hii wana mkoko, wenye mizizi ya upinde inayoushikilia mti juu ya maji, mchu, ambao mizizi yake huchomoza topeni kama penseli zilizosimikwa, mlilana, ambao husimama mbele ya yote kuipokea bahari, mkandaa, unaojulikana kwa magome yake ya kutia rangi, msinzi, na mkomafi wenye matunda makubwa ya mviringo. Mtu mwenye maneno hayo akishika penseli hawezi kuchora ukuta. Ataanza na mizizi, kwa sababu majina yamekwisha kumwambia kwamba tofauti ziko huko.

Grant aliendelea kuutetea ugunduzi wa Speke kwa maandishi na katika mikutano, na aliishi kuiona safari ya Stanley ya mwaka 1875 ikithibitisha kwamba ziwa Viktoria ni ziwa moja na kwamba Nile hutoka humo. Hakurudi tena Afrika Mashariki. Alifariki Nairn tarehe 11 Februari 1892, akiwa na umri wa miaka 64, na bamba la kumbukumbu yake likawekwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London. Mimea yake ilibaki Kew, kila mmoja umebandikwa juu ya karatasi pamoja na mahali ulipochumwa.